Kungwi wa Ndege ya Baba

Watu wanaosema Bi Mwanamkasi Shehe ni mhudumu wa ndege hawamjui, na mimi hukasirika nikiwasikia. Mhudumu wa ndege ni yule msichana mrefu wa kwenye mabango, mwenye skafu shingoni na meno yote nje. Bi Mwanamkasi ana miaka hamsini na sita, ni mfupi, mlango wa ndege yetu huupita ubavu ubavu, na skafu aliyopewa na Baba aliigeuza kitambaa cha kufungia tambuu. Yeye ni kungwi. Amewafunda wari wa Tongoni na vijiji vyote mpaka Pangani kwa miaka thelathini. Ukimwita kwa jina jingine ataitika, lakini atakukumbuka.

Kwa waliokulia mbali na pwani niseme kidogo. Kungwi ndiye anayemkalisha mwari ndani kabla ya harusi na kumfundisha yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyatamka. Kazi yake yote ni kusema yasiyosemeka bila kuyataja. Atakuonyesha kinu na mchi, ataimba ubeti mmoja, atakufinya, na utakapoinuka pale mkekani utakuwa umeelewa kila kitu ingawa hakuna neno moja unaloweza kulirudia mbele ya baba yako.

Kisha zikaja simu. Mwari wake wa mwisho kule Tongoni alimsahihisha katikati ya somo, mara mbili, simu ikiwa mkononi. Bi Mwanamkasi akakunja mkeka wake, akaja Tanga mjini kukaa kwa dada yake Ngamiani, na wiki ya pili akabisha hodi kwetu Chumbageni kuuliza kama kuna kazi yoyote. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba dunia imehitimu bila yeye. Baba hakujua la kufanya na kungwi, akampa ndege.

Ndege yenyewe ni jeti ndogo ya viti sita, injini mbili nyuma kwenye mkia, ambayo Baba aliinunua na wenzake wawili wa Dar ikiwa imeshatumika. Baba, Thuwaini bin Nawaf kwa jina kamili, ana mashamba ya mkonge upande wa Pangani na karafuu Pemba, na anaamini mtu mwenye mambo pande mbili za maji anastahili kuruka. Sibishani naye. Nasema tu kwamba kutoka Tanga hadi Pemba jeti ile hutumia muda mchache kuliko muda wa kumfunga Bibi mkanda. Kazi ya Bi Mwanamkasi ilikuwa kufuta viti, kumimina kahawa na kumtuliza Bibi, na hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa kazi hasa.

Bibi ni mama yake Baba. Jina lake Bimdogo, na hana udogo wowote. Ana miaka sabini na minane, na kila mwezi lazima avuke kwenda Wete, Pemba, kumwona dada yake, ambaye hainuki tena kitandani. Safari zake zina sheria moja: hakuna kutaja baya. Maneno huumba, ndivyo asemavyo. Ukiwa naye ndani ya gari huruhusiwi kuuliza kama tairi lina upepo. Huruhusiwi kusema “tukifika salama,” kwa sababu umeshatia shaka. Kwa hiyo kila mara rubani wetu, kijana Zabron kutoka Muheza, aliposimama na kadi yake mkononi kueleza habari za jaketi la kuelea na mlango wa dharura, Bibi alianza dua ya safari. Aliianza polepole, na kadiri Zabron alivyopandisha sauti, na Bibi alipandisha ya kwake. Zabron ni Mbondei aliyelelewa vizuri na wazazi wa kanisani. Hawezi kushindana na dua ya mtu mzima. Alikuwa anakaa, anawasha injini, tunaondoka. Katika safari sita hakuna kati yetu aliyewahi kusikia chochote zaidi ya “Ikitokea bahati mbaya.”

Safari ya saba ilikuwa wiki tatu mbele Zabron alipokuja nyumbani, akakataa halwa, nikajua kuna jambo. Alimwambia Baba kwa adabu kwamba injini hazina neno, lakini kati ya hapa na Pemba kuna maji matupu, na abiria asiyejua jaketi lake liko wapi na linavaliwaje ni abiria asiye na jaketi. Hataruka tena juu ya maji mpaka amwone Bibi kwa macho yake akilivaa na kulitumia inavyotakiwa. Asipomwona, Baba atafute rubani mwingine.

Baba anamwogopa mama yake kuliko anavyoiogopa serikali. Alifanya wafanyavyo wanaume wakipewa mzigo wa moto, akamtwika mwanamke aliye karibu. Alimwita Bi Mwanamkasi akamwambia kazi ya kumfundisha Bibi ni yake. Pasipo rubani hakuna ndege, na pasipo ndege hakuna viti vya kufuta. Alilisema kwa upole sana, hata akamwongezea kahawa, lakini alilisema.

Niliumia kumwona Bi Mwanamkasi pale mlangoni. Mtu aliyefukuzwa na simu, sasa anafukuzwa na dua. Nilimfuata mpaka barazani nikamwambia nitazungumza na Baba. Akaniambia nimwitie Zabron na ile kadi yake yenye picha.

Walikaa saa nzima. Zabron alimweleza yote: miwani, viatu vya kisigino na vito vinavuliwa, jaketi liko mfukoni chini ya kiti, linapita kichwani, mkanda unafungwa kiunoni, unainamisha kichwa magotini ndege inapogusa, unajua tangu mwanzo kuna viti vingapi kati yako na mlango, maana utakwenda kwa kupapasa. Na kamba ya kujaza hewa haivutwi ndani ya ndege hata iweje. Bi Mwanamkasi alisikiliza akitafuna. Swali lake lilikuwa moja tu, kwa nini isivutwe ndani. Zabron akasema maji yakiingia, jaketi lililojaa linakuinua mpaka kwenye dari na kukubana hapo, na mlango uko chini yako. Tena mtu aliyefura haupiti mlango mdogo, na aliye nyuma yake hapiti pia.

Bi Mwanamkasi alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema hayo yote amekuwa akiyafundisha miaka thelathini, ila kwa habari nyingine. Zabron alitazama kadi yake, akatazama viatu vyake, akaaga.

Chambo cha mpango wake nilikuwa mimi. Harusi yangu na Nawaf, mtoto wa binamu yake Baba, ilikuwa miezi miwili mbele. Bi Mwanamkasi alimwendea Bibi akamlalamikia kwamba mimi ni mwari mgumu, sifundiki, nina mdomo na haraka, na anaomba mtu mzima akae kando amsaidie kunikemea. Nusu yake ilikuwa kweli, na ndiyo maana Bibi alikubali kabla hajamaliza kusema. Nafasi ya kunikemea hajawahi kuikataa.

Mkeka ukatandikwa chumbani kwa Bibi. Madirisha yakafungwa, wanaume wote wakatolewa upande ule wa nyumba. Na viti vya chumba cha kulia vikaletwa sita, vikapangwa viwili viwili, njia nyembamba katikati. Nilimwangalia Bibi nione atasema nini. Alikaa kwenye kile cha pili kushoto, kiti chake cha siku zote cha ndegeni, akaagiza kahawa.

Maagizo niliyopewa yalikuwa rahisi: nikosee kila kitu. Sijapata kazi niliyoifanya kwa moyo mweupe kama ile.

Siku ya kwanza tuliambiwa mwari hukaa bila dhahabu na bila viatu. Mimi nikabaki na bangili. Bibi akanitukana, akavua zake tatu na miwani juu yake, akazifunga kwenye leso ili anionyeshe jinsi mtu mwenye akili anavyofanya. Siku ya pili mwari huinamisha kichwa mpaka magotini wakubwa wanapoingia, na hakiinui mpaka aambiwe. Nikawa nachungulia. Bibi akainama mwenyewe, mikono juu ya ushungi, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Siku ya tatu tulifungwa kanga machoni, maana mwari huijua nyumba kwa kupapasa. Mimi niligonga kabati. Bibi aligusa mgongo wa kiti kimoja, akahesabu, akashika fremu ya mlango, akakohoa kwa majivuno.

Siku hiyo ya tatu ndipo Baba alipokuja dirishani. Alisikia vicheko, na nadhani alitaka kujua ndege yake imepona au la. Aligonga ubao wa dirisha akauliza somo linaendaje na kama kuna chochote kinachomhusu. Bi Mwanamkasi akamjibu bila kuinuka kwamba ya mkekani hayasikilizwi dirishani, na mwanamume anayetaka kujua ya wari aoe tena. Tulicheka sote, na Bibi zaidi yetu. Baba akaenda zake. Naliandika hili kwa sababu baadaye Bi Mwanamkasi alilirudia mara nyingi, na hakuwa anacheka.

Siku ya nne lilikuja jaketi. Zabron alikuwa ametoa mawili ya zamani, yaliyopitwa na tarehe lakini mitungi yake ya hewa ikiwa mizima. Bi Mwanamkasi aliyaleta ndani ya kanga, akasema hili ni vazi la wari wa siku hizi, lina masharti. Kisha akatupa ubeti wake, huku akipiga kofi la pole pole:

“Ndani jibane, nje jitanue. Ukijitanua ndani, mlango haukujui.”

Nikavaa langu, nikafunga, na nilipofika kati ya viti vya nyuma nikavuta kamba. Lililia kwa kishindo, likafura mpaka masikioni, nikanasa kati ya viti viwili bila kwenda mbele wala nyuma. Sikuwa naigiza tena. Kola ilinibana koo, na viti vilikuwa vya mti wa mvule.

Bibi alisema kwamba Nawaf atamrudisha mtu huyu ndani ya wiki. Akasimama. Akavua miwani, akavua bangili, akafunga kanga machoni bila kuambiwa. Akalipitisha jaketi kichwani, akafunga mkanda kiunoni, akaukaza. Akapapasa kiti, kiti, fremu ya mlango, akaniacha nyuma mimi niliyenasa kama nisiyekuwepo, akavuka ukumbi mpaka kizingiti cha barazani. Akakivuka. Hapo ndipo alipovuta kamba.

Zabron alikuwa barazani. Bi Mwanamkasi alikuwa amemwita kwa saa hiyo hiyo, ati alete sabuni ya kufutia vioo. Bibi aliondoa kanga machoni akamkuta amesimama na kopo la sabuni. Zabron akasema shikamoo Bibi. Bibi akaitika marahaba kutoka ndani ya ule unjano wote wa jaketi, hakuona sababu ya kujieleza, akageuka kurudi chumbani. Mlangoni hakupita. Ilibidi atolewe upepo kwanza. Bi Mwanamkasi alimwonyesha ule mrija mdogo wa kupulizia kwa mdomo, kwamba ukiubonyeza ulimi wake kwa ncha ya kidole hewa hutoka, na ukitaka tena unapuliza. Bibi alibonyeza mwenyewe, kwa subira, akisikiliza hewa ikilia.

Zabron alimpigia Baba simu jioni ile kumwambia ataruka. Baba alimshukuru Bi Mwanamkasi kwa doti ya kanga na kumwambia viti ni vyake mpaka achoke. Tulikuwa na furaha sana. Kati yetu sote hakuna aliyejiuliza kama kuna abiria mwingine asiyefundwa. Zabron alidhani mwenye ndege anajua ya ndege yake. Sisi tulidhani Zabron alishamwambia. Naye Baba alidhani, kwa sauti kabisa, kwamba kitu alichokinunua hakina haja ya kumfundisha.

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, wanne na rubani. Baba alikaa kiti cha kwanza, kile kilicho mlangoni, akiongea na simu habari za bei ya karafuu mpaka Zabron alipomwomba azime. Bibi nyuma yake, mimi ng'ambo ya njia, Bi Mwanamkasi kwenye kiti cha mwisho na birika lake. Zabron aliposimama na kadi, Bibi alianza dua kama kawaida. Zabron alitabasamu akakaa. Aliona hana deni.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeiacha nchi kavu, magurudumu yanaingia tumboni, tulipokutana na kunguru. Kunguru wa Tanga mnawajua, wale wenye kola ya kijivu, hawampishi mtu hata sokoni. Walikuwa kundi zima. Kilisikika kishindo kulia, kisha kingine, ndege ikatikisika meno yakagongana, na ndani kukaingia harufu ya manyoya yaliyoungua. Baada ya hapo upande wa kulia ulinyamaza. Upande wa kushoto haukunyamaza, lakini ulikuwa unakohoa.

Zabron alizungumza bila kugeuka. Injini ya kulia ameizima. Ya kushoto imekula ndege pia, inavuta lakini haiamini. Anazunguka juu ya maji ili asipite juu ya mapaa ya watu, halafu anarudi uwanjani. Ni kama dakika saba. Ikimkatalia kabla ya hapo tutatua majini. Tuvae majaketi sasa hivi.

Nitasema ukweli, mimi ambaye nilikuwa mwanafunzi wa kujifanya, nilisahau yote. Hata mifuko ya viti sikuiona. Aliyenikumbusha ni sauti ya bangili. Bibi alikuwa anazivua. Aliziweka kwenye leso pamoja na miwani, akasukuma viatu chini ya kiti, akainama akavuta jaketi, akalipitisha kichwani, akafunga, akakaza. Midomo yake ilikuwa inakwenda na dua, na mikono inakwenda na somo. Nikamfuata yeye hatua kwa hatua.

Baba naye alilitoa lake. Alilivaa sawasawa. Hilo, aliniambia baadaye, alishaliona kwenye filamu. Kisha, kwa uhakika wa mtu aliyelipia kitu, akavuta kamba. Akaivuta mpaka mwisho.

Lilifura likamsukuma kichwa nyuma. Mikono ilimkaa pembeni, hakuweza kukiona kifungo cha mkanda wake wala kukifikia, hakuweza kuinama. Na kiti chake kilikuwa pale mlangoni, kwa hiyo mlango ulizibwa kabisa. Niliuona mlango ukipotea nyuma ya mabega ya Baba, nikaelewa kwa mara ya kwanza ubeti ulikuwa unasema nini. Kama tungegusa maji vile, Baba angekuwa kizibo, na sisi sote tungekuwa ndani ya chupa.

“Ndani jibane, Thuwaini,” Bibi alisema. “Jibane, mwanangu.”

Baba hakujua anaambiwa nini. Angejuaje. Alituangalia kwa jicho la pembeni, jicho moja tu ndilo lililoonekana, na lilikuwa jicho la mtoto. Sijawahi kumwona Baba akiogopa, na sitaki kumwona tena.

Bi Mwanamkasi alifungua mkanda wake. Zabron alimsikia, akamwambia kwa ukali arudi akae, zimebaki dakika mbili na hajui injini itampa zote. Hakurudi. Alipita ubavu ubavu kwenye njia ile nyembamba akishika migongo ya viti, mmoja, wa pili, huku ndege ikiyumba. Alipofika kwangu nilimshika kanga nikamsihi akae. Akanibandua mkono.

“Mlango nilimfungia mimi,” alisema. “Nitamfungulia mimi.”

Alimwinamia Baba. Tangu aje kwetu alikuwa hajawahi hata kumpa kikombe mkononi, alikuwa anakiweka mezani kwa heshima. Sasa alipenyeza mkono chini ya kidevu chake, akautafuta mrija, akabonyeza kwa ukucha. Hewa ikaanza kulia. Ilitoka taratibu, taratibu mno, na yeye akalilalia jaketi kwa kifua ili iharakishe, uso wake sentimita chache kutoka uso wa Baba, akimwambia kwa sauti ya chini anayoitumia mkekani kwamba asihangaike, apumue, ajibane. Tukitua majini atatoka mlangoni kwanza, halafu atalipuliza kwa mdomo wake mwenyewe huko nje, nje ana ruhusa ya kujitanua anavyotaka. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; Baba alifunzwa na kungwi akiwa na miaka hamsini na minane, angani, mamaye akitazama.

Kichwa chake kiliposhuka na mlango ukaonekana tena, Zabron alisema tuiname. Bi Mwanamkasi hakuwa na muda wa kurudi kitini kwake. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye miguu ya Bibi, na Bibi akamkumbatia kwa mikono yote miwili na kuweka paji lake juu ya kichwa chake. Niliinama. Nilisikia injini ikikohoa, ikikatika, ikishika tena. Nilimwomba Mungu kwa maneno niliyoyajua, na katikati yake ukaingia ule ubeti, nikauacha uwemo.

Magurudumu yaligusa lami. Tuliruka, tukagusa tena, tukaenda mpaka mwisho kabisa wa uwanja na nyasi kidogo juu yake, tukasimama. Injini ikazimika yenyewe kabla Zabron hajaigusa.

Tulishuka. Gari la zimamoto lilikuwa linakuja na watu walikuwa wanakimbia. Bi Mwanamkasi alifika kwenye nyasi akakaa chini na kulia kwa sauti, tambuu ikiwa bado shavuni. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipofukuzwa na simu. Alikuwa anasema kwamba alimwona dirishani, mtu aliyempa kazi, anauliza kama kuna kinachomhusu, na yeye akamcheka. Baba alisimama mbele yake na jaketi lililosinyaa, akamwokotea kitambaa chake cha tambuu.

Bibi ndiye aliyesema. Alikuwa amevaa miwani na bangili zake tayari. Alitazama kule tulikozunguka, akamgeukia mwanawe.

“Tungezama,” alisema. “Tungezama sote, na wewe ungetuzibia mlango.”

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa kunguru. Neno lile nilikuwa sijalisikia kinywani mwake maisha yangu yote. Usiku ule nilimuuliza, kwa woga, kama alijua tangu lini kwamba mwari hakuwa mimi. Akaniuliza mimi namwona mjinga kiasi gani. Viti sita, viwili viwili, na yeye awekwe cha pili kushoto. Alijua kabla kahawa haijaja. Lakini alifurahi, alisema, kwamba kuna mtu mjini humu bado anajua kumwambia mtu mzima jambo bila kumvua nguo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala, Baba alikuja chumbani kwa Bibi amebeba viatu mkononi. Viti vilikuwa vimeshapangwa. Zabron alikuwa amekaa pembeni na kadi yake, naye akiwa mwari kwa siku hiyo, maana Bi Mwanamkasi alisema hatafunda tena nusu ya nyumba. Baba alikaa kiti cha kwanza. Akaanza kueleza kwamba yeye kama mwenye ndege anaona ni vizuri kuwe na utaratibu, na kwamba kimsingi alikuwa akijua, isipokuwa…

“Mwari hasemi,” Bi Mwanamkasi alimwambia.

Baba akavua saa, akavua pete, akainamisha kichwa mpaka magotini. Aliinama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, na nina hakika Bi Mwanamkasi alisahau makusudi kumwambia ainuke.

Mimi nilifundwa ya kwangu ya kweli baadaye, na hayo hayaandikwi. Ila tangu hapo wasichana wawili wa mtaani wameshakuja kumuulizia, simu zao mkobani.

Injini mpya zilichukua miezi mitatu kufika. Dada yake Bibi alingoja, Mungu alimweka. Asubuhi tuliyoondoka tena, Zabron alisimama mbele yetu na kadi yake, akasema, “Ikitokea bahati mbaya,” kisha akanyamaza kwa mazoea, akingojea dua imfunike. Haikuja. Bibi alikuwa amekaa kiti cha pili kushoto, bangili ndani ya leso, viganja juu ya magoti. Alimtazama Zabron juu ya miwani.

“Endelea, mwanangu,” alisema. “Dua yangu itangoja.”